Nyumba za miti na nyumba za zege katika uwanda wa Makonde

Nyumba za miti na nyumba za zege ni aina mbili za ujenzi zinazopatikana bega kwa bega katika uwanda wa Makonde, kusini mashariki mwa Tanzania, hasa katika wilaya za Newala na Tandahimba, na pia chini ya uwanda huo upande wa Masasi. Nyumba ya miti ina kiunzi cha nguzo na fito kilichojazwa udongo. Nyumba ya zege ina kuta za matofali ya saruji au, mara chache sana, za zege lililomiminwa. Katika nchi nyingi aina hizi hulinganishwa kwa uimara na kwa namna zinavyozuia joto au baridi. Katika kata ya Kitangari na vijiji vya jirani linaloamua zaidi ni maji: yanapatikana wapi, katika mwezi gani, na kwa gharama gani.

Mazingira

Kitangari (pia huandikwa Kitangali) ni kata ya Wilaya ya Newala katika Mkoa wa Mtwara. Inajulikana kwa chuo chake cha ualimu na kwa kuwa jirani na chanzo cha maji cha Mitema, ambacho maji yake husukumwa kwa pampu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Uwanda wenyewe huinuka polepole kutoka upande wa pwani hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, kisha hukatika ghafla kwa mteremko mkali unaotazama Masasi na bonde la mto Ruvuma. Mji wa Newala uko karibu na ukingo huo.

Juu ya uwanda hakuna mito ya kudumu. Udongo una mchanga mwingi, kwa hiyo maji ya mvua huzama upesi na kutokeza tena chini kwenye mabonde. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka huko kuchota maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Mradi wa kupandisha maji kwa pampu ulianza katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza. Umepanuliwa mara kadhaa tangu hapo, na eneo la Makonde limo pia katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka ni kama milimita 1,000.

Mawe magumu ni haba uwandani, na udongo wa mfinyanzi unaofaa kwa matofali hupatikana zaidi mabondeni. Masasi ni tofauti: mji huo umezungukwa na vilima vya mwamba, na fundi wa huko hapati shida ya mawe ya msingi kama mwenzake wa Newala.

Nyumba ya miti na udongo

Ujenzi huanza kwa kuchimbia nguzo ardhini, kwanza za pembe nne na za milango, kisha za katikati. Juu ya nguzo hulazwa mtambaapanya, yaani boriti inayobeba makombamoyo ya paa. Fito hufungwa kwa kulala pande zote mbili za nguzo, ndani na nje, zamani kwa kamba za magome ya miti na siku hizi pia kwa misumari. Mara nyingi nyumba huezekwa kabla ya kuta kujazwa, ili kazi ya udongo ifanyike kivulini na mvua isiuharibu ukuta mbichi. Baada ya hapo udongo uliokandwa hushindiliwa katikati ya fito hadi ujae. Ukikauka hupasuka, ndipo hufuata tabaka la pili la kukandika na kusawazisha, na kwa mwenye uwezo chokaa au lipu nyembamba.

Katika nyumba hii paa hubebwa na nguzo. Udongo ni wa kuziba tu. Ukuta ukidondoka upande mmoja wakati wa masika, paa hubaki limesimama na watu huendelea kulala ndani huku wakisubiri kukandika upya. Nyumba ya matofali haina nafasi hiyo, kwa sababu ukuta wenyewe ndio unaobeba paa.

Udongo huweza kunywa maji mengi kuliko zege la ujazo uleule: mita moja ya ujazo ya udongo wa kukandika huhitaji lita 300 hivi, wakati zege la kawaida huhitaji kama lita 170. Hata hivyo ukuta wa udongo haukuwa mzigo kwa watu wa uwandani, kwa kuwa maji yake hayahitaji kuwa safi na hayahitaji kubebwa. Kazi hupangwa mwishoni mwa masika, wakati ardhi yenyewe ina unyevu na madimbwi bado yapo. Zege hudai maji safi, tena kwa siku moja, na baada ya hapo hudai kumwagiliwa kwa siku saba au zaidi ili likomae. Anayejenga kwa saruji mwezi wa Septemba hununua kila ndoo ya maji hayo.

Adui mkubwa wa nyumba ya miti ni mchwa. Huanza kwenye sehemu ya nguzo iliyo ardhini, hupanda ndani ya ukuta bila kuonekana, na mwenye nyumba hugundua pale mlango unapoanza kukwama. Miti yenye kiini kigumu kama mpingo huvumilia kwa muda mrefu, lakini mpingo ni mti wa thamani na wachongaji wa vinyago huushindania. Njia nyingine za kujikinga ni kuunguza ncha za nguzo au kuzipaka oili chafu ya magari. Zote huchelewesha tu.

Historia

Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitembelea Masasi, Newala na Mahuta. Kitabu alichotoa mwaka 1908 kinaeleza maisha ya Wayao, Wamakua na Wamakonde wa wakati huo, pamoja na shida ya maji uwandani. Wamakonde waliishi katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika ndani ya vichaka vizito, ambavyo viliwakinga dhidi ya mashambulizi ya Wangoni na ya wafanyabiashara wa watumwa. Mashamba yalihamishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kwa maisha ya namna hiyo nyumba ya miti ilifaa kabisa: miti ilikuwa mlangoni, na nyumba haikutakiwa kudumu kuliko shamba.

Majengo ya mawe na matofali ya kuchoma yalianza na wamisionari. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Wabenedikto walianzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Majimaji. Makanisa, shule na hospitali za misheni zikawa mahali ambapo vijana wa eneo hilo walijifunza kazi ya uashi. Pamoja na hayo, kwa zaidi ya nusu karne ufundi huo ulibaki zaidi kwenye majengo ya taasisi, huku nyumba za watu zikiendelea kuwa za miti na nyasi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na vijiji vya ujamaa. Mkoa wa Mtwara, unaopakana na Msumbiji ambako vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishia watu vijijini, mapema katika miaka ya 1970. Familia ziliacha vitongoji vyao na kukusanywa katika makazi makubwa yaliyopangwa kwa mistari. Athari kwa zao la korosho zinajulikana: msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000, kisha mavuno yakaporomoka kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa umbali kati ya vijiji vipya na mikorosho iliyoachwa nyuma. Athari kwa nyumba hazisemwi sana. Maelfu ya watu walihitaji nguzo na fito kwa wakati mmoja, mahali pamoja, na vichaka vya karibu vikaisha. Isitoshe, nyumba sasa ilitakiwa kubaki palepale. Mwenye nyumba ambaye zamani angehama kabla mchwa hawajamaliza nguzo alilazimika kubadilisha nguzo chini ya paa lilelile, tena kwa miti iliyotoka mbali.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Rais Julius Nyerere alilaumu mazoea ya kuamini kuwa nyumba bora ni lazima iwe ya saruji na bati. Alitaka watu watumie matofali ya kuchoma na vigae vinavyotengenezwa hapohapo walipo. Ushauri huo ulikuwa na mantiki kwa nchi iliyokuwa na saruji haba, na mahali kama Masasi, penye udongo wa kufaa na kuni, ulitekelezeka. Juu ya uwanda wa Makonde ulikuwa mgumu. Udongo una mchanga mwingi mno, tanuri hula kuni katika eneo ambalo tayari limepungukiwa miti, na kigae hakikuweza kushindana na bati kwa sababu inayoelezwa hapa chini.

Bati kama chombo cha maji

Wageni wengi huona bati kama dalili ya kutaka sifa. Uwandani bati ni chombo cha kukingia maji. Paa la nyasi hutoa maji machache na machafu. Paa la bati lenye mfereji hupeleka mvua moja kwa moja kwenye pipa au kwenye kisima kilichochimbwa na kusakafiwa kando ya nyumba. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 40 ikinyesha usiku mmoja, inaweza kukinga karibu lita 2,000, ukiondoa zinazomwagika. Hizo ni ndoo 100 za lita 20 ambazo hakuna mtu aliyeteremka bondeni kuzifuata.

Kwa sababu hiyo familia nyingi huezeka bati juu ya kuta za miti na udongo miaka mingi kabla ya kujenga kwa matofali. Nyumba hizo hazitoshei vizuri katika mafungu mawili ya kawaida, "nyumba bora" na "nyumba duni". Sensa ya Tanzania huliepuka tatizo hilo kwa kuuliza ukuta, paa na sakafu kila kimoja peke yake.

Matofali ya saruji

Saruji ilianza kutengenezwa nchini mwaka 1966 katika kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam. Kusini iliendelea kuwa ghali kwa muda mrefu kwa sababu ya usafiri. Mwaka 2015 kiwanda cha Dangote kilizinduliwa karibu na mji wa Mtwara, kikiwa na uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka. Kwa Newala umbali ulibaki kuwa tatizo, kwani barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, ilikuwa ya vumbi kwa sehemu kubwa na imekuwa ikiwekewa lami kwa vipande.

Fedha za kujengea hutoka hasa kwenye korosho. Tangu mwaka 2007 zao hilo huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: wakulima hupeleka korosho ghalani kupitia vyama vya msingi, na vyama vikuu, kama TANECU kwa Tandahimba na Newala, husimamia minada. Malipo huwafikia wakulima zaidi kati ya Oktoba na Januari, yaani fedha huja pamoja na mvua. Wakati huo maji yapo, lakini barabara zina matope, matofali hayakauki vizuri, na saruji iliyowekwa ndani miezi kadhaa kwenye unyevu hupoteza nguvu au hugeuka jiwe mfukoni. Bati haliharibiki, kwa hiyo ndilo hununuliwa kwanza. Ukuta hufuata kidogo kidogo: msimu mmoja msingi, mwingine kuta hadi usawa wa lenta, na mwaka wa bei mbaya haliongezwi hata tofali moja. Mapagale mengi yanayoonekana kando ya barabara hayakutelekezwa, yanangoja msimu.

Zege katika fomu za povu

Nchini Marekani na Kanada nyumba nyingi za familia moja hujengwa kwa kiunzi cha mbao. Nguzo nyembamba husimamishwa kila sentimita 40 hivi, nafasi kati yake hujazwa sufi ya kuzuia baridi, na pande zote mbili hufunikwa kwa mabamba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ukuta huo umepata mshindani. Mwaka 1966 Mkanada Werner Gregori aliomba hataza ya fomu za povu gumu la plastiki, lile linaloonekana kwenye masanduku ya samaki na barafu. Vipande vyake vyenye uwazi katikati hupangwa kama matofali, nondo huwekwa ndani, kisha zege humiminwa. Tofauti na fomu ya mbao ambayo fundi huibandua, ya povu hubaki ukutani daima na kuzuia joto lisipite. Wanaoipendelea hutaja utulivu wake, uwezo wa kuhimili tufani, na akiba ya nishati ya kupasha nyumba joto. Wanaopendelea mbao hutaja bei nafuu na wepesi wa kubadilisha vyumba.

Wazo la fomu inayobaki ukutani si geni kwa fundi wa Kitangari. Fito zake za ndani na nje hufanya kazi hiyohiyo: hushika kitu kilaini hadi kigande, kisha haziondolewi.

Hata hivyo njia ya povu yenyewe haiendani na uwanda wa Makonde, na hesabu huonyesha sababu. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 7 yenye kuta za nje za kimo cha mita 2.7. Ukiondoa milango na madirisha hubaki kama mita za mraba 70. Zege la unene wa sentimita 15 lingekuwa mita za ujazo 10.5, ambazo hutaka karibu mifuko 65 hadi 70 ya saruji, lita 1,800 za maji safi, pamoja na kokoto ambazo hazipatikani kirahisi uwandani. Ukuta uleule kwa matofali ya saruji ya inchi 6 hutumia kama matofali 700. Kwa matofali 30 hadi 35 kwa mfuko, hiyo ni mifuko 20 hadi 24, bila kuhesabu ya kujengea. Tena matofali yanaweza kufyatuliwa mia leo na mia mwezi ujao. Zege la ndani ya fomu linapaswa kumiminwa kwa mfululizo, kwa hiyo mwenye nyumba huhitaji fedha zote, maji yote na vibarua wote siku moja. Ni njia ya mtu mwenye mkopo wa benki, si ya mtu anayejenga kwa msimu wa korosho.

Hali ya hewa nayo haiidai. Kitangari iko karibu nyuzi 10 na nusu kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwishoni mwa Oktoba na tena katika nusu ya pili ya Februari. Joto la mchana huingia zaidi kupitia bati kuliko kupitia ukuta. Povu likipatikana, mahali pake panapofaa ni juu ya dari. Juni na Julai huwa na baridi ya usiku uwandani, lakini si baridi ya kupashia nyumba moto.

Kuhusu mchwa, zege haliliwi, lakini povu hutoboleka kirahisi na huweza kuwa njia iliyofichika ya kufikia mbao za paa. Kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani huzuia kuweka povu chini ya ardhi katika maeneo yenye mchwa wengi sana.

Upepo, mbu na usalama

Ukuta mzito una faida dhidi ya upepo, ila kinachong'olewa kwanza ni paa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, kusini tu ya mto Ruvuma, na wakazi wa Mtwara walitahadharishwa. Paa lililofungwa kwa nondo zinazotoka kwenye lenta hushika vizuri. Lililopigiliwa misumari michache kwenye mtambaapanya mkavu huondoka lote. Kwa nyumba ya miti, kufunga makombamoyo na nguzo kwa waya mnene ni kazi ya siku moja na huzidi kwa faida marekebisho mengine yoyote ya bei hiyo.

Mbu waenezao malaria huingia hasa kupitia uwazi kati ya ukuta na paa. Nyumba ya miti huacha uwazi huo ili moshi utoke. Nyumba ya matofali huuziba, lakini mara nyingi huziba pia hewa, na usiku wa joto watu hufungua madirisha yasiyo na wavu.

Star Homes

Jaribio la kujenga tofauti na aina zote mbili limefanyika katika mkoa huohuo, Mtwara Vijijini, ambako nyumba 110 ziitwazo Star Homes zilijengwa katika vijiji 60 na kukamilika mwaka 2021. Zina ghorofa moja, kiunzi cha chuma chepesi badala ya miti, na kuta ambazo kwa sehemu kubwa ni wavu unaopitisha hewa na kuzuia mbu. Vyumba vya kulala viko juu. Bati hukinga maji na kuyapeleka kwenye tangi, na zege limetumika kidogo sana ikilinganishwa na nyumba ya matofali. Familia zilipatikana kwa bahati nasibu, na afya ya watoto wao, hasa malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa, ilifuatiliwa ikilinganishwa na ya watoto wanaoishi katika nyumba za kawaida za vijiji hivyohivyo.

Kiunzi cha chuma hakiliwi na mchwa na hakidai maji ya kukorogea, lakini hutoka kiwandani. Kikipinda, mwenye nyumba hawezi kwenda kichakani kukata kingine.